Una seti ya tisa (tisa tatu) na meza imejaa hatari, ucheze vipi?

SWALI: Sasa mhariri, mimi na mabeshte hapa Umoja tunachezanga poka Jumamosi, Texas Hold'em, pesa ni kidogo tu. Juzi nilikuwa na tisa mbili mkononi, flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ikaja tisa ya maua, nane ya kopa na sita ya kopa. Nikajua hapa nimewamaliza, nikacheki (nikapita bila kubeti) nikijifanya sina kitu ndio wasitoroke. Tulibaki wawili, naye akacheki. Karata ya nne ikawa J ya kopa, nikabeti 100 kwa poti (pesa zilizo mezani) ya 300, akapandisha hadi 400, nikasukuma zote. Akafungua kopa mbili, ya mwisho haikunisaidia, nikaenda home mapema. Ni bahati mbaya ama?
Msomaji, Umoja

JIBU: Boss, bahati usiilaumu sana, shida ilianza pale ulipocheki. Kwa flopu hiyo anayekushinda ni mwenye streti tayari (karata tano zinazofuatana), yaani mwenye 10 na 7 ama 7 na 5, na hao ni wachache. Lakini hebu hesabu, karata usizoziona ni 47, kopa 10 zinafungua flashi, yaani karata tano za aina moja (tisa ya kopa siiweki, hiyo ni zawadi yako), halafu tano, saba na kumi ambazo si kopa ni 9 zingine za kuleta streti, jumla 19, hiyo ni kama asilimia 40 ya karata zinazokutoa jasho. Kucheki hapo ni kumpandisha mtu matatu bila nauli.

Mwenye kopa mbili anaipata flashi kwa karata inayofuata kama mara moja kati ya tano. Ukibeti 200 kwa ile 300 analipa 200 kufukuzia 500, anahitaji nafasi ya zaidi ya asilimia 28 na hana. Ukibeti 50 anahitaji kama 12 tu, atalipa akicheka. Na akilipa ile 200 usinune, ndio tunachotaka, alipe akiwa bado nyuma, si ati atoroke.

Sasa J imeshuka na amepandisha. Kufoldi (kutupa karata) mbio pia hapana! Unaongeza 300 kufukuzia 800, na hata kama flashi anayo kweli, kuna karata 10 za kukupa fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine) ama tisa nne, karibu asilimia 22, weka na zile mara anadanganya, weka na pesa atakayokupa ukiipata kama bado anayo mbele yake, kulipa kunakubalika kabisa. Kusukuma zote ndio siipendi hata kidogo, kwa sababu mwenye jozi mbili anatupa karata zake na anayebaki kukulipa ni yule tu ameshakushinda.

Hiyo mbinu yako ya kujificha iweke siku flopu ni mfalme, saba na mbili, kila moja aina yake, wewe ukiwa na jozi ya saba mkononi na uko na mtu mmoja tu. Mkiwa watano kwa poti, mimi hata hapo ningebeti.