Jibu: Enscape, Twinmotion au Unreal kwa kumtembeza mteja ndani ya nyumba ambayo haijajengwa?

Ndugu msanifu, umeuliza, kati ya programu tatu za kumwonyesha mteja nyumba kwa miwani ya uhalisia pepe (VR), ununue Enscape, ushike Twinmotion ya bure au ujifunze Unreal Engine, nawe una miwani ya Quest 2 na kompyuta ya mkononi yenye kadi ya picha ya kumbukumbu ya GB 6. Zote tatu nimezipitia hapa Mombasa, na pesa zimeniponyoka kidogo. Swali la kwanza si uzuri wa picha. Mteja akishavaa miwani akasema "toa ukuta huu", utautoa kwa dakika ngapi?

Nilikuwa na mama mmoja wa Mji wa Kale, anajenga Nyali. Ramani alizitazama mara tatu, kila mara "nzuri, inshallah". Siku ya miwani nikamweka kwenye kigoda, pale ambapo kwenye modeli (nyumba niliyoichora kwa kompyuta) pana baraza. Akageuza kichwa, kimya, kisha: "Mwanangu, mbona nikikaa hapa namwona anayepika?" Kweli! Mlango wa mbele, ukumbi na jikoni nilivipanga mstari mmoja. Nyumba za wazee wetu mgeni aliye dakani, pale penye mlango wa mbele, haoni ndani mpaka akate kona. Mimi na digrii yangu nikasahau. Enscape hukaa ndani ya SketchUp yenyewe, programu ya kuchorea modeli (Revit, Rhino na Archicad pia), basi nikausogeza mlango wa jikoni naye bado kavaa. Akauona unahama, akacheka. Tukakubaliana siku hiyo hiyo.

Twinmotion ni programu ya kando, modeli unaipeleka huko kwa kiungo kiitwacho Direct Link. Kwa miti, mawingu na jua la alasiri mimi naiona mbele ya Enscape, na ni bure kwa mwenye mapato yasiyofika dola milioni 1 kwa mwaka, yaani mimi na wewe tumo. Ila ni nzito, hiyo GB 6 italia. Unreal waachie ofisi zenye mtu wa kukaa nayo kutwa. Miezi miwili ilinipa sebule moja.

Tena usipuuze kichefuchefu. Mteja wangu wa kwanza alivua miwani dakika ya nne, jasho jembamba, akaomba maji. Kompyuta ilikuwa ikitoa fremu (picha zinazofuatana) 30 hivi kwa sekunde. Quest 2 inataka 72, na 90 ni bora. Kosa langu: nilimwaga minazi kama 60 uani mwa modeli. Siku hizi napunguza mimea, nashusha ubora wa picha, na namfanya mteja aruke, ndani ya picha tu, kutoka chumba hadi chumba badala ya kuteleza kama yumo kwenye mkokoteni.

Mengine ni ya hapa kwetu. Joto la Machi hutia lenzi ukungu, washa feni kabla hajaingia. Mteja wa kike mwenye mtandio, mikanda huuvuruga, kwa hivyo mwenzangu wa kike ndiye humvika, mlango umefungwa. Aliye Dubai mtumie picha za duara za Enscape (za kuzungusha na kutazama pande zote), anafungua kwa simu kwa msimbo wa QR, hahitaji miwani.

Kwa mashine yako, mimi ningeanza na jaribio la bure la Enscape, kwa nyumba moja halisi. Na kebo ya kuunga miwani na kompyuta nunua ya mita 5. Ile fupi, mteja akigeuka kutazama dirisha, inamvuta shingo.