Jibu: Data ya dagaa wa Kibirizi, nimpe au nisimpe?

Habari mkuu, nimesoma uzi wako. Una Excel ya mavuno ya dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mtafiti mwingine anaiomba, na ndani kuna majina na simu za wavuvi.

Usitume kwanza. Tafuta ile fomu ya ridhaa waliyosaini usome neno kwa neno, kama inasema data ni ya utafiti wako tu basi rudi kwa waliokupa kibali, maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na zaidi ya sheria wale watu walikuamini. Kama inaruhusu, futa majina na simu, badala yake mpe kila mvuvi namba kama M01, M02, na faili la kuunganisha namba na jina libaki kwako. Jina la mtumbwi nalo futa, pale mwaloni kila mtu anajua mwenyewe ni nani.

Halafu vipimo. Mimi hapa Tabora nilikusanya data ya asali, safu ya "kiasi" imejaa 20, 28, 20, baada ya mwaka sijui ipi lita ipi kilo, na ndoo ya lita 20 ya asali ina kama kilo 28! Nilirudia madaftari yote wiki nzima. Kwa hiyo andika faili fupi la maelezo: kila safu ni nini, ndoo yako ni kilo ngapi, dagaa wabichi au wakavu.

Ukimaliza hifadhi kwa CSV (faili la jedwali linalofunguka kwenye programu yoyote) uweke Zenodo, ghala la mtandaoni la data za utafiti, ni bure na unapata DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha data yako, chagua leseni ya CC BY ili atakayeitumia akutaje.