Nani sugu: dawa, mgonjwa au seli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Nyakato, Mwanza. Nimeombwa kutafsiri makala fupi ya kitabibu itakayosomwa kwenye kikundi cha akina mama wanaouguza wagonjwa wa saratani. Kichwa chake nimekiandika hivi: "Dawa za asili zinazoshinda usugu wa dawa nyingi kwenye saratani." Mjomba wangu, mvuvi mstaafu wa Ukerewe, alikisoma akaniuliza, "Kumbe ukimeza dawa nyingi za hospitali unakuwa sugu, mpaka urudi kwenye mizizi?" Sikukusudia hivyo. Kosa liko wapi? Na je, niseme usugu, ukinzani au kuzoea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba hajakosea, amesoma kilichoandikwa.

Chukua kwanza hilo "usugu wa dawa", maana hapo huteleza hata magazeti. Kiunganishi cha -a ni chepesi mno: hukutanisha vitu viwili bila kusema vina uhusiano gani. Dawa ya panya huua panya, dawa ya meno haiui meno, na dawa ya mwarobaini imetoka kwenye mwarobaini wenyewe. Tunaelewana kwa kuwa panya na meno tunavijua, wala si kwa msaada wa sarufi. Kwenye makala yako msomaji hana ujuzi huo wa kumwokoa, basi anafuata njia iliyonyooka: ukali wa pilipili umo kwenye pilipili, kwa hiyo usugu wa dawa umo kwenye dawa, au kwa anayeinywa.

Mwenye usugu hapa ni seli ya saratani. Mtaje kwa -a, kisha kile anachokikataa kitenge kwa "dhidi ya": usugu wa seli za saratani dhidi ya dawa. Watu wa afya nchini wameshatuonyesha njia, maana kwenye mabango yao husema "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", na kwa kifupi UVIDA. Ni refu, lakini halimwachi mtu akijiuliza nani kafanya nini.

"Dawa nyingi" nayo imempoteza mjomba, na mimi ingenipoteza. Nyingi ni idadi, na pia ni wingi wa kilichomezwa. Mtafiti anachosema ni kwamba seli iliyojifunza kuikataa dawa moja huzikataa na nyingine ambazo haijawahi kukutana nazo, hata zenye umbo tofauti kabisa. Kwa hiyo andika "dawa za aina nyingi". Neno moja tu, "aina", na lile wazo la mgonjwa aliyebugia vidonge hadi akaharibika linaondoka.

Sasa sugu lenyewe. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, shikana mkono na mzee aliyevuta nyavu na kupiga kasia miaka thelathini, utaisikia sugu kiganjani mwake: ngozi iliyosuguliwa mpaka haihisi. Hapo ndipo lilipoanzia, na ndiyo maana nalipenda kwa kazi yako. Seli iliyopigwa na dawa ikabaki, ikazaa nyingine zilizo kama yenyewe, inafanana na kiganja hicho. Ila kuna mtego. Tunaposema "magonjwa sugu" tunamaanisha kisukari, shinikizo la damu, yale ya kukaa nayo. Ukiandika "saratani sugu" peke yake, nusu ya ukumbi itaelewa saratani ya muda mrefu na nusu nyingine saratani isiyosikia dawa. Kwa hiyo usiiache sugu itembee peke yake, ipe "dhidi ya" yake.

Ukinzani ni neno zuri, nalo limeshaajiriwa kwenye fizikia, kwenye somo la umeme. Kwenye ripoti ya chuo litumie. Kwa akina mama wa Nyakato litahitaji maelezo kabla halijaeleza.

"Kuzoea" nalikataa. Kwenye daladala ya Buhongwa nimewahi kumsikia kijana akimweleza mwenzake habari za dada yake: "Mwili umezoea dawa." Aliyezoea ana lawama kidogo, kama mlevi au mtoto aliyezoea kudekezwa. Mwili wa yule dada haukuzoea chochote, na kama ni dawa kuuchosha, unaendelea kuchoka nazo. Pia usiseme "dawa haimkubali", maana kwetu hiyo ni dawa inayomtapisha au kumtoa vipele. Na "kinga" iogope kuliko yote. Ukisema seli zina kinga dhidi ya dawa, mama mmoja atapiga makofi, kwa kuwa kinga miaka yote ameambiwa ni kitu cha kuongeza.

Ukitaka waelewe seli inafanyaje, usianze na jina la protini. Anza na mtumbwi unaovuja: maji yanaingia, na mtu mmoja amechuchumaa na kopo, anayatoa kwa kasi ileile yanavyoingia. Mtumbwi hauzami. Seli sugu nyingi zina mtu wa kopo wa namna hiyo kwenye utando wao, pampu iitwayo P-glikoprotini, ambayo Rudolph Juliano na Victor Ling waliieleza mwaka 1976 huko Toronto. Dawa inaingia, pampu inaitema nje kabla haijafanya kazi. Si njia pekee ya usugu, lakini ndiyo inayosimulika. Tena pampu hii haikuletwa na saratani. Tunayo sote kwenye utumbo, ini, figo na mishipa ya damu ya ubongo, na kazi yake ni kutoa sumu zinazoingia mwilini, zikiwamo za vyakula.

Hapo ndipo "dawa za asili" zinapoharibikiwa. Kwetu maneno hayo yana mwenyewe. Sheria ya mwaka 2002 inaitwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mtu wa Mwanza akisikia dawa ya asili anamwona mganga, mizizi na chupa ya maji ya kahawia. Makala yako, kama nimeielewa, haizungumzii chupa hiyo. Inazungumzia kemikali mojamoja zilizotengwa na kupimwa: kurkumini ya manjano, kwesetini ya vitunguu, piperini ya pilipili manga. Kwenye seli zilizokuzwa maabara, hizo zimeonekana kuipunguzia pampu kasi, yaani kumshika mkono mtu wa kopo. Basi sema "kemikali za mimea". Wengine wataandika kampaundi, na msombo pia lipo. "Mchanganyiko" ndilo lisifae, kwani mchanganyiko ni kachumbari: kila kitu bado ni chenyewe.

Kisha neno asili linachora mstari usiokuwepo, mizizi upande huu na dripu upande ule. Vinkristini, dawa ya dripu wanayopewa watoto wenye uvimbe wa taya, ule ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala, imetoka kwenye mmea mdogo wa bustani wenye maua ya petali tano, ya waridi au meupe, uliotokea Madagaska. Paklitaxeli, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1992, ilitoka kwenye gome la mti. Zote mbili ni za mimea, na zote mbili pampu inazitema. Kwa hiyo kinachotemwa ni mmea na kinachotumainiwa kuzuia kutema ni mmea vilevile. Mjomba akilijua hili, "kurudi kwenye mizizi" litamchekesha.

Limebaki "zinazoshinda". Kitenzi hiki kimekimbia kuliko sayansi. -na- yako inatangaza kwamba jambo linafanyika, kama jua linavyochomoza. Yaliyopo ni ya maabara, na hakuna kemikali ya mmea iliyopitishwa kutumika hospitalini kwa kazi ya kuizima pampu hii kwa wagonjwa wa saratani. Njia yenyewe ina mawe. Mwaka 1981 Takashi Tsuruo na wenzake huko Japani walionyesha kuwa verapamili, dawa ya moyo, inairudishia vinkristini nguvu kwenye seli sugu. Ilipofika kwa wagonjwa, kiasi kilichohitajika kikawa kinaudhuru moyo. Kurkumini nayo haifyonzwi vizuri tumboni, na piperini inayoisaidia kufyonzwa inaweza pia kubadili kiwango cha dawa nyingine mwilini. Mama anayemkorogea mgonjwa manjano na pilipili manga nyingi, au kumnunulia vidonge vyake, amwambie daktari.

Kiswahili kina namna ya kupunguza mwendo bila kuongeza aya: "zinazoweza", "zimeonekana", "zinachunguzwa". Itumie.

Kansa au saratani? Yoyote, ila usibadilishe katikati. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, na kansa kwa Kilatini ni kaa huyohuyo. Wazee wa Ukerewe wanamjua.

Kichwa chako ningekiandika hivi: "Kemikali za mimea zinazochunguzwa ili kupunguza usugu wa seli za saratani dhidi ya dawa za aina nyingi." Kimekuwa kirefu, najua. Mpe mjomba akisome kwa sauti, kisha muulize: nani sugu? Akijibu "seli", peleka kwenye kikundi. Akijibu vingine, niandikie tena.