Stagea 260RS kama gari ya kila siku Nairobi

Buda, umeuliza kama 260RS, ile station wagon ya Nissan Stagea iliyoundwa na Autech, kampuni ya Nissan ya magari spesheli, inaweza kuwa gari ya kwenda job kila siku. Inaweza, yangu natoka nayo Kinoo hadi Upper Hill, lakini jua hiyo ni injini ya Skyline GT-R, ile sports car ya Nissan, inaitwa RB26 ya lita 2.6 na turbo mbili, gia 5 za mkono tu, sasa klachi kwa jam ya Waiyaki Way asubuhi ukisonga hatua mbili unasimama, mguu wa kushoto utatetemeka. Mafuta usiniulize. Spea ndogo ndogo utapata Kirinyaga Road, ila bampa ya Autech sahau, yangu ilipasuliwa na tuta halijachorwa nikaifunga na zip tai. Lakini buti inameza gunia mbili za waru (viazi) kutoka Soko Mjinga, hapo GT-R haiwezani.