Visiwa vya kongosho vimepauka kwenye slaidi, damu nyingi iko wapi?

Swali: Habari dokta, mi nasoma histolojia. Kwenye slaidi ya kongosho visiwa vya Langerhans (vile vikundi vya seli zinazotoa homoni) naviona vimepauka na ndani sioni mshipa hata mmoja, lakini notsi zinasema ndo vinapata damu nyingi kuliko tishu inayovizunguka. Slaidi mbovu au macho yangu?

Jibu: Slaidi haina shida mdogo wangu, na macho yako yako sawa. Kupauka kule hakuhusiani na damu kabisa, ni mambo ya rangi. Seli za asini, zile zinazotengeneza vimeng'enya, zimejaa RNA upande wa chini na chembechembe za vimeng'enya upande wa juu, kwa hiyo rangi za slaidi, hematoksilini na eosini, zinashika kwelikweli, wakati seli za kisiwa hazina vitu hivyo kwa wingi ndo maana zinabaki hafifu. Mishipa ipo tele, ila tishu ikishatolewa mwilini na kulowekwa kwenye fomalini kapilari nyingi, yaani mishipa midogo kabisa, zinabaki tupu, kuta zinalaliana, unaona ufa mwembamba tu. Sasa weka lenzi ya 40, tafuta kiini cheusi chembamba kilicholala kama kistari cha kalamu katikati ya safu mbili za seli. Hicho ni cha seli bapa ya ukuta wa kapilari. Ukikipata kimoja utashangaa vilivyo vingi, na pengine utakuta chembe nyekundu ya damu imebaki humo, usije ukadhani ni uchafu.

Notsi zako ziko sahihi. Visiwa ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho lakini vinachukua karibu asilimia 10 hadi 15 ya damu yake. Ateri ndogo ikiingia kisiwani inagawanyika kuwa kapilari zilizopindapinda kama uzi uliojifunga, na kuta zake zina vitundu vyenye upana wa nanometa 100 hivi au pungufu. Kapilari za asini nazo zina vitundu, ila kwa panya waliopimwa za kisiwani zilikuwa navyo karibu mara 10 zaidi! Mi hapa ndo napapenda, kwa sababu seli za beta zenyewe, zile za kisiwani zinazotengeneza insulini, zinatoa protini ya VEGF-A inayofanya mishipa iote na vitundu vibaki wazi, yaani seli inajitengenezea mlango wa kupimia sukari na wa kutolea insulini.

Halafu usichore kisiwa kama kimejifungia. Baadhi ya kapilari zake zinaendelea moja kwa moja hadi kwenye asini, kwa hiyo asini zinapata damu yenye homoni nyingi kabla haijachanganyika na ya mwili mzima. Baadaye yote inaingia vena ya lango kwenda kwenye ini, ambalo linabakiza karibu nusu ya insulini.

Kama maabara yenu inaweza, omba slaidi iliyopakwa rangi ya kingamwili ya CD31, inashika kuta za mishipa, halafu uiweke pembeni ya hiyo uliyonayo.