Arthur Morgan asiponywe: jibu langu kuhusu gemu zinazoisha kwa majonzi

Mkuu umeuliza kama gemu zinazoisha kwa majonzi zingeongezewa mwisho mwingine wa furaha kwa anayetaka, na mfano wako ni Red Dead Redemption 2 (RDR2), gemu ya genge la majambazi wa Marekani ya zamani, kwamba ingekuwepo njia Arthur, yule jambazi unayemchezesha, akapona kifua kikuu (TB) akaondoka na Mary, mpenzi wake wa zamani, wakaanze maisha kwingine. Nakuelewa kabisa, ile gemu nimeirudia na kila nikifika pale mlimani anapofia koo linanikaba vilevile. Ila mimi nasema hapana, na jibu ni refu kidogo (ambao hamjacheza mjue nataja miisho ya gemu kadhaa humu).

Turudi chapta ya 2. Strauss, mkopeshaji wa genge lao, anamtuma Arthur akadai deni kwa Thomas Downes, hiyo misheni ni ya lazima, huwezi kuiruka. Unamkuta jamaa shambani kwake, mgonjwa, hana nguvu hata ya kujitetea, unamshushia kipigo na anayebonyeza pedi ni wewe, halafu anamkoholea Arthur damu usoni huku mke na mtoto wake wakishuhudia. Ukicheza mara ya kwanza unapita tu unaendelea na mambo mengine, kuwinda, kuvua samaki, kuiba treni. Masaa na masaa baadae ndo Arthur anaanguka barabarani Saint Denis, anafika kwa daktari anaambiwa ana kifua kikuu, kumbe Downes alimwambukiza siku ile, atafute sehemu yenye joto na ukavu apumzike. Basi. Dawa hakuna, ile stori ni ya 1899. Bakteria wa TB alishagunduliwa na Robert Koch tangu 1882 lakini streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kumdhibiti kweli, imepatikana 1943.

Na hapa naongea kama mtu aliyeuguza. Kaka yangu aliumwa TB na nilikaa nae nyumbani kipindi chote cha dozi, miezi 6, vidonge kila siku, mkojo ukawa rangi ya chungwa mpaka mama akapata hofu tukaenda kuuliza kituo cha afya wakatuambia ndo dawa ilivyo, msiwe na wasiwasi. Alipona na leo anapiga kazi kama kawaida. Kwahiyo wala sio kwamba nafurahia kuona mtu anakufa na ugonjwa ambao sisi tunao dawa yake. Ila chapta ya 6 wameitendea haki, Arthur anakonda, macho mekundu, anakohoa katikati ya maongezi, mwili wa kuumwa nimeuona kwa macho yangu na ule ndo wenyewe. Pale stesheni anapomwambia yule sista Calderón kwamba anaogopa, mtu aliyekuwa anatisha kambi nzima, mimi nilisimamisha gemu nikakaa tu.

Sasa mponye Arthur, Downes je? Yeye kashakufa, mke wake Edith kaishia kujiuza kule Annesburg, kijana wao anachimba makaa ya mawe. Wale ndo walilipa. Ukimpa Arthur njia ya kupona unakuwa umefuta deni lake peke yake, wao wamebaki na lao, na hapo stori nzima inakuwa uongo.

Najua wapo watakaosema si uiweke tu, asiyetaka asiichague. Haiendi hivyo wakuu. Mwisho wa furaha ukishakuwepo, ule wa huzuni unageuka kuwa wa aliyeshindwa. Angalia Final Fantasy X ya 2001, Tidus unayemchezesha anatoweka mbele ya mpenzi wake Yuna na huna cha kufanya, ndo maana inauma. 2003 ikaja X-2, gemu inayoendeleza stori ileile, na ukitimiza masharti fulani Tidus anarudi. Nilifurahi sana wakati ule, siwezi kukataa. Lakini tangu hapo nikirudia ile ya kwanza najua jamaa atarudi, na ule muda anapomkumbatia Yuna akapita kama hewa haunishiki tena kama zamani.

Kuna sehemu nakubaliana na wanaodai kurekebishiwa, tena nawaunga mkono kabisa. Fallout 3 ya 2008, mwishoni lazima mtu aingie kwenye mnururisho (mionzi) mkali awashe mtambo wa kusafisha maji, na unaweza kuwa umeongozana na Fawkes ambae mnururisho haumdhuru kabisa, ukimwomba anakujibu hii ni hatima yako. Yani ufe wakati mwenzako angeingia akatoka mzima! Ile haikuwa huzuni, ilikuwa kosa la waandishi, na nyongeza ya Broken Steel ya 2009 ikaruhusu umtume. Mass Effect 3 ya 2012 nayo, watu waliamua mambo gemu tatu mfululizo halafu miisho ikatofautiana rangi tu, mpaka wachezaji wakawatumia BioWare, walioitengeneza, vikeki vya rangi tatu vyenye ladha moja. Ikatoka nyongeza ya Extended Cut ya bure mwezi wa 6 mwaka huohuo, haikugeuza mwisho kuwa wa furaha, ilieleza tu nini kiliwapata watu baada ya pale. Kwangu ilitosha.

Kama ni lazima kuongeza basi waongeze kama Phantom Liberty ya 2023, nyongeza ya gemu ya Cyberpunk 2077. V, unayemchezesha na aliyekuwa anakufa taratibu, anapona kweli, ila umemkabidhi mdukuzi Songbird kwa serikali, Johnny aliyekuwa anaishi kichwani mwake hayupo tena, V analala miaka miwili akizinduka mwili haubebi tena vifaa vya kupigania na marafiki washasonga mbele, Judy kashaolewa, Panam hataki hata kuongea nae. Ameishi, lakini bei ameilipa.

Halafu mkuu RDR2 tayari inakupa nafasi ya kuchagua Arthur anaondokaje. Ukiwa na honor (alama za wema wako) ya juu na ukamsaidia John, mwenzake wa genge, anakufa akitazama jua linachomoza, honor ya chini Micah, msaliti wao, anampiga risasi. Kama sevu yako iko chapta ya 6 bado hujaanza misheni za mwisho, nenda Annesburg kamtafute Edith Downes umalize ile stori yake na mwanae, hailazimishwi na ukizigusa misheni za mwisho bila kuifanya ndo umeikosa.