Maswali na majibu: Haridwar, Rishikesh na Dharamshala

Maswali yaliyotufikia safari hii yanahusu ziara za kuongozwa kaskazini mwa India, kwenye miji iliyo miguuni mwa Himalaya: Haridwar na Rishikesh katika jimbo la Uttarakhand, na Dharamshala katika Himachal Pradesh. Saa zote tumezitaja kwa Kiswahili, yaani saa 12 jioni ni machweo.

Kampuni imetupa ratiba ya siku 10 na miji saba: Delhi, Haridwar, Rishikesh, Mussoorie, Shimla, Dharamshala na Amritsar. Tuko sita, mkubwa wetu ana miaka 66. Tukubali? (Msomaji, Arusha)

Msikubali. Kwenye ramani miji hiyo imebanana, lakini barabara za vilimani hupinda hadi gari linakwenda kilomita 30 kwa saa. Rishikesh hadi Dharamshala ni zaidi ya kilomita 400, siku nzima kwenye kiti. Tena mambo mnayoyafuata huko hufanyika machweo na alfajiri. Mkiingia mjini saa 2 usiku na kuondoka saa 3 asubuhi, mtakuwa mmelala Haridwar bila kuiona.

Ombeni ratiba hii: Delhi usiku mmoja, Haridwar mmoja, Rishikesh mitatu, treni mmoja, Dharamshala miwili, na Delhi tena usiku wa mwisho. Mkipata siku mbili za ziada, zipelekeni Dharamshala. Usiku ule wa mwisho Delhi msikubali uondolewe, kwa sababu ndege za uwanja mdogo wa Gaggal, ulio karibu na Dharamshala, hufutwa hali ya hewa ikichafuka. Mwenye ndege ya kurudi nyumbani jioni ileile huachwa.

Treni ya usiku ni ya kutoka Haridwar hadi kituo cha Pathankot Cantt. Kutoka hapo hadi Dharamshala ni teksi, kilomita 90 hivi, mwendo wa kama saa tatu. Mtakeni kiongozi awaonyeshe tiketi kabla hamjamaliza kulipa. Ikiandikwa CNF, kila mtu ana kitanda chake. RAC maana yake watu wawili wanagawana kitanda kimoja, na mzee wenu atakesha ameketi. WL ni orodha ya kusubiri: tiketi ya mtandaoni ikibaki hivyo mpaka orodha ya mwisho itoke, hufutwa yenyewe na hampandi. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, kwa hiyo kiongozi anayesema "tutanunua tukifika" anawabahatishia.

Je, tutaugua ugonjwa wa milimani? (Msomaji, Arusha, swali la pili)

Hapana. Haridwar na Rishikesh ziko kama mita 300 na kitu tu, chini hata ya Moshi. McLeod Ganj, kitongoji cha juu cha Dharamshala, kiko kati ya mita 1,700 na 2,100, sawa na lango la Marangu. Kitakachowasumbua ni kichefuchefu cha kona. Anayetapika garini akae mbele na asile chakula cha mafuta asubuhi hiyo.

Likizo yangu ni Julai na Agosti. Niende? (Msomaji, Nairobi)

Ukiweza, isogeze. Masika ya huko huanza mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Septemba, na Dharamshala ni miongoni mwa sehemu za India zinazonyeshewa sana. Udongo huporomoka na kufunga barabara. Juu ya hayo, katika mwezi wa Kihindu wa Shravan, ambao huangukia Julai na Agosti, kuna Kanwar Yatra: mamilioni ya mahujaji waliovaa rangi ya zafarani hutembea hadi Haridwar kuchota maji ya mto mtakatifu wa Ganga na kuyarudisha kwenye mahekalu ya kwao. Kwa takriban wiki mbili barabara kuu hufungwa au kugeuzwa ya waenda kwa miguu.

Miezi mizuri ni Machi, Aprili, Oktoba na Novemba. Oktoba ina mtego mmoja ambao viongozi wengi hawautaji. Maji yanayopita Har Ki Pauri, ngazi kuu za Haridwar, ni ya mkondo uliochepushwa kulisha mfereji wa Ganga uliofunguliwa mwaka 1854. Kila mwaka, kati ya sikukuu za Kihindu za Dussehra na Diwali, mfereji hufungwa ili usafishwe, na maji ya hapo hushuka sana. Wapo waliofika wakakuta mawe na watoto wakiokota sarafu. Tarehe za sikukuu hizo huhama kila mwaka, basi zitazameni kabla ya kununua tiketi.

Nataka kuona ibada ya taa mtoni. Mimi ni Mkristo. Naruhusiwa? Nifanyeje nisiaibike? (Msomaji, Dodoma)

Ibada hiyo huitwa aarti, nayo hufanyika kila jioni jua linapozama: saa 11 na nusu hivi wakati wa baridi, karibu saa 1 wakati wa joto. Kuhusu ruhusa: kanuni za manispaa ya Haridwar za tangu enzi za Waingereza zinawazuia wasio Wahindu kuingia kwenye Har Ki Pauri yenyewe. Utekelezaji wake umekuwa ukilegea na kukazwa, basi kiongozi aulize siku hiyohiyo, na msilazimishe. Rishikesh hakuna shida hiyo. Pale Triveni Ghat, ngazi za kushukia mtoni, na mbele ya ashramu (makao ya ibada) ya Parmarth Niketan wageni huketi pamoja na wenyeji. Kwa maoni yetu, asiye Mhindu aifanye Rishikesh ndiyo jioni yake kuu.

Fika saa moja kabla. Viatu huachwa kwa mtunzaji anayekupa kibati chenye namba. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Leso au kikoi ukichukua kutoka nyumbani kutafanya kazi zote: kujifunika, kukalia ngazi, kujisitiri ukibadili nguo. Keti ngazi ya tatu au ya nne kutoka majini. Ya chini kabisa ina ukoga na huteleza, na watu wanaosogea kuweka vitaa vya kuelea majini watakukanyaga.

Makuhani hushika taa za shaba zenye ngazi za tambi juu ya tambi, mkono umeviringishwa kitambaa kibichi kwa sababu mpini huwaka moto. Huzizungusha taratibu kuelekea mtoni huku kengele zikilia. Baadaye taa ndogo hupitishwa kati ya watu: wenye imani hupitisha viganja juu ya mwali kisha hujigusa usoni. Ukiwa hutaki, fumbata mikono kifuani na uinamishe kichwa kidogo, inatosha na hakuna atakayekuuliza.

Kitaa cha kuelea ni kikombe cha majani chenye maua ya manjano na utambi uliochovywa samli. Uliza bei kabla hujakishika. Kosa la wageni ni kukiwasha mapema, na upepo hukizima njiani. Washa ukiwa umechuchumaa kando ya maji, kiweke juu ya maji usikirushe, na chagua mahali ambapo hakuna anayeoga upande wa chini wa mkondo. Akija mtu kukushika mkono, kukusomea dua na kukutajia majina ya wazazi wako, mwishoni atataka mchango mkubwa. Uondoe mkono wako kwa upole na useme "nahin, dhanyavad", hapana, asante.

Na ukitaka kuchovya miguu, shika minyororo iliyofungwa kwenye ngazi. Maji ni ya theluji iliyoyeyuka, yana baridi na kasi kuliko yanavyoonekana. Kule Rishikesh fukwe za mchanga mweupe zinavutia zaidi na zinaua zaidi, kwa kuwa hazina minyororo na maji hupanda ghafla mabwawa ya juu yakifunguliwa.

Kiongozi ametuwekea ashramu Rishikesh badala ya hoteli. Kuna masharti gani? (Msomaji, Kampala)

Ashramu ni makao ya ibada yanayopokea wageni, kwa hiyo mgeni ndiye anayefuata utaratibu wa nyumba. Geti hufungwa mapema, mara nyingi kati ya saa 3 na saa 4 usiku, na kengele ya asubuhi hulia kabla ya jua. Chakula ni wali, chapati, dengu na mboga, bila kitunguu wala kitunguu saumu. Pombe, nyama na mayai hazimo ashramuni, na si ashramuni tu: nyama na pombe zimepigwa marufuku mjini Rishikesh na Haridwar. Baadhi hazipokei mgeni aliye peke yake. Kila mgeni hutoa pasipoti na viza ili apigiwe nakala, maana sheria inawataka wenye nyumba kutoa taarifa ya kila mgeni wa nje. Ulizeni mapema kama maji ya moto ni ya bomba au ya ndoo, na chumba kiko ghorofa ya ngapi, kwani lifti si jambo la kutegemea.

Mimi ni Muislamu. Kuna lolote langu kwenye safari hii, au nitakula dengu tu? (Msomaji, Zanzibar)

Dengu utakula, ndugu yetu, na utazizoea. Lakini mwombe kiongozi akupeleke Piran Kaliyar, kijiji kando ya mfereji wa Ganga karibu na mji wa Roorkee, kama saa moja kwa teksi kutoka Haridwar. Pale amezikwa Alauddin Sabir, walii wa tarika ya Chishti wa karne ya 13. Wanaozuru ni Waislamu na Wahindu pamoja, huleta maua na shuka za kufunika kaburi. Alhamisi jioni huwa na kawali, yaani nyimbo za dini za Kisufi, na watu wengi. Hauli yake ni Mfungo Sita, na siku hizo vyumba Roorkee huwa vya shida. Kofia au mtandio ni lazima, na pesa ndogondogo ziwe mfuko wa mbele, kwani waombaji mlangoni ni wengi.

Nitaweza kumsikiliza Dalai Lama? (Msomaji, Bujumbura)

Inategemea tarehe. Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Wabuddha wa Tibet, alikimbilia India mwaka 1959 na amekaa Dharamshala tangu 1960. Sasa umri wake umepita miaka 90, na majira ya joto mara nyingi huwa Ladakh, eneo jingine la milimani. Ratiba ya mafundisho hutangazwa kwenye tovuti ya ofisi yake. Mkianza na ratiba hiyo kisha mkapanga safari, mna nafasi. Mkifanya kinyume, mnabahatisha.

Mafundisho ni bure. Mgeni hujiandikisha McLeod Ganj siku chache kabla, akiwa na pasipoti. Simu na kamera haziingii. Chukua redio ndogo ya FM yenye vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu tafsiri hurushwa kwa masafa ya redio na asiyekuwa nayo husikiliza Kitibeti asubuhi nzima. Chukua pia mto wa kukalia na kikombe, kwani watawa hupita na mabirika ya chai.

Asipokuwepo, msione safari imeharibika. Saa 12 asubuhi ingieni kwenye kora, njia inayozunguka kilima chenye hekalu na makazi yake. Wazee wa Kitibeti huwa wameshaanza, shanga mkononi. Tembea ukiwa na kilima mkono wako wa kuume, na magurudumu ya sala uyazungushe kwa mkono huohuo, kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Anayekuja kinyume huwavuruga wote.

Babu yetu alitoka Punjab kuja kufanya kazi ya reli. Tumesikia Haridwar kuna vitabu vya ukoo. (Msomaji, Kisumu)

Vipo. Makuhani wanaoitwa panda hutunza madaftari marefu, vahi, yenye majina ya familia za Kihindu zilizokuja kuhiji au kutupa majivu ya wafu wao, vizazi kwa vizazi. Kila panda ana eneo lake, na mpangilio hufuata wilaya, kijiji na ukoo. Kwa hiyo jina la babu peke yake halitoshi: njooni na jina la kijiji cha asili, wilaya ya wakati ule hata kama leo iko Pakistan, jina la ukoo, na majina ya ndugu zake waliobaki. Waulizeni wenye maduka karibu na Har Ki Pauri nani anashika wilaya hiyo, mtaelekezwa kutoka mlango hadi mlango. Tengeni siku nzima. Likipatikana, panda atawaomba muandike watoto waliozaliwa Kisumu, tarehe na sahihi, na sadaka hutolewa baada ya kazi.

Karatasi gani zinahitajika? (Msomaji, Mombasa)

Viza ya kielektroniki, kupitia tovuti ya serikali ya India inayoishia na gov.in, zinazofanana nayo hutoza ziada. Omba angalau siku nne kabla. Kadi ya homa ya manjano iwe na chanjo iliyopigwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika, maana mtu wa kutoka nchi iliyo kwenye orodha yao anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Simu ya setilaiti acha nyumbani: kuwa nayo India bila kibali ni kosa, na watu hukamatwa viwanjani.